Waraka wa Kupunguza Afya

Nchi hii ina jina, wimbo na bendera, ila hapa haitatajwa, maana wenyewe ni watu wenye haya na hawapendi kusemwasemwa. Aliyewahi kuishi huko atajitambua. Asiyewahi ashukuru, asome, aende zake.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba huko mtu hanenepi. Mtu anakuwa na afya. Ukikutana na rafiki baada ya miezi sita ukakuta vifungo vya shati vinamgomea, unamshika mkono na kumwambia, "Aa, naona una afya siku hizi," naye anafurahi, na chai ya siku hiyo ni juu yake. Mwembamba akipita, watu huulizana kwa sauti ya chini anaumwa nini. Mtoto mchanga mwenye mikunjo mitatu mapajani hubebwa na kila mgeni, na kila mgeni husema, "Mashallah, huyu ana afya!" Hakuna anayekusudia ubaya. Ndivyo walivyozoea kusema.

Mazoea hayo yasingemdhuru mtu kama Wizara ya Afya nayo isingekuwa inalitumia neno hilohilo.

Katika wizara hiyo alikuwapo Bwana Shomvi, Mkuu wa Kitengo cha Maneno. Kazi yake ilikuwa moja tu: jambo likiwa baya, yeye hulitafutia jina zuri. Umeme ukikatika hospitalini aliuita "giza la mpito". Dawa zikiisha aliandika kwamba zimo "katika hali ya kusubiriwa". Njaa ya mkoa mmoja aliipa jina la "shibe iliyoahirishwa", na kwa hilo akatunukiwa cheti chenye fremu. Alikaa kwenye kiti hicho miaka ishirini na miwili, akabobea kiasi kwamba hata nyumbani hakuweza tena kusema chumvi imezidi. Alisema mchuzi una msimamo.

Alikuwa na mke, Bi Mwanaidi, na mtoto mmoja wa kike wa miaka kumi na mmoja aitwaye Sikujua. Jina hilo lina kisa chake. Bi Mwanaidi alipoanza kunawiri mwaka ule, kila aliyemwona alimpongeza kwa afya, naye akawa anaitikia asante, mpaka mwezi wa saba tumbo likampiga teke. Mkunga alipomuuliza kwa nini hakuja kliniki mapema, alijibu, "Sikujua." Mkunga, aliyekuwa na foleni ndefu, akaliandika jibu hilo kwenye kadi mahali pa jina la mtoto, na katika nchi ile kikishaandikwa kitu kwenye kadi hakifutwi.

Sikujua naye alikua, akawa na afya. Tuseme tu ukweli, kwa kuwa habari hii haikupitishwa Kitengo cha Maneno: alikuwa mnene. Magoti yalimuuma, na ngazi za shule alizipanda kwa vituo. Wenzake walimwita Tipwatipwa. Alikuwa pia mtoto mcheshi, mwenye jicho kali na mkono wenye shabaha, na kitu alichokipenda kuliko vyote ni rede. Wawili wanasimama huku na huku, wanarushiana mpira wa soksi, nawe uko katikati unaukwepa. Ukikupiga, umekufa, toka. Kila alasiri Sikujua alikuwa katikati, kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba, akikwepa na kucheka. Alichoka upesi kuliko wenzake, akapumzika, akarudi. Mwezi wa tatu wa mchezo huo akaanza kupanda ngazi bila kituo, na hapana mtu mzima aliyeliona jambo hilo isipokuwa mama yake.

*

Alasiri moja gari la wizara lilikuwa likimrudisha Bwana Shomvi nyumbani, pamoja na Bwana Mkopi, Mkuu wa Itifaki. Dereva akakata kupitia uchochoroni kukwepa shimo, ambalo rasmi liliitwa "bwawa dogo la barabarani". Watoto wakajibanza ukutani, gari likapita polepole, vioo viko chini.

"Shomvi, hebu kione kile kibonge!" alisema Bwana Mkopi akinyoosha kidole. "Kile kikianguka pale, si watu watakimbia wakidhani tetemeko?"

Dereva alicheka. Bwana Shomvi akatazama nje. Lile gauni la maua ya zambarau alilichagua yeye, sikukuu iliyopita, baada ya kuzunguka maduka manne akitafuta saizi. Na Bwana Shomvi akacheka.

Hakucheka sana. Baadaye alijaribu kukipunguza kicheko chenyewe, akakiita tabasamu la kikazi, akakiita heshima kwa mwenzake. Lakini kilikuwa kicheko, kilikuwa na sauti, na mtoto alikuwa ameinua uso. Gari likapita. Bwana Shomvi akashuka kwenye kona ya mbali, akatembea hadi nyumbani masikio yakimuwaka, akijiambia kwamba kioo kilikuwa na vumbi, na kwamba kwa pale aliposimama mtoto hawezi kuwa alimwona baba yake. Kisha akakumbuka kwamba kioo kilikuwa chini.

Mtu mwingine angemwomba mtoto wake radhi. Bwana Shomvi alimpiga marufuku kucheza.

"Mwanangu," alimwambia baada ya chakula, bila kumtazama, "kuanzia kesho tutahifadhi nguvu zako. Utapumzika ndani."

"Nimekosa nini, baba?"

"Hujakosa. Ni utaratibu tu."

Bi Mwanaidi aliweka sahani chini. "Baba Sikujua, unamfungia mtoto ndani kwa kosa gani? Ndio kwanza ameanza kuchangamka."

"Simfungii, Mama Sikujua. Namtengea utulivu."

"Utulivu wa nini? Ni maiti?"

Bwana Shomvi alisema lazima awahi taarifa ya habari. Tangu siku hiyo Sikujua alitengewa utulivu mbele ya televisheni, na kwa kuwa baba yake alikuwa na deni moyoni ambalo hakutaka kulitaja, kila jioni alimletea biskuti. Miezi minane ikapita hivyo. Ngazi zikarudi kuwa na vituo, na vituo vikaongezeka.

*

Hapo ndipo muuguzi mmoja wa wizara, mwanamke mwenye tabia mbaya ya kupima vitu, alipozunguka shule hamsini na mizani yake. Akagundua kwamba katika kila watoto watano mmoja amezidi uzito, na kwamba wengine wana shinikizo la damu la wazee wao. Akaandika ripoti, na mwisho wake akaweka mapendekezo mawili. La kwanza: "Watoto hawa wapewe mahali pa kucheza na muda wa kucheza, pamoja na wenzao." La pili lilikuwa neno moja: "Wasichekwe."

Ripoti ililetwa kwa Bwana Shomvi ilainishwe. Pendekezo la kwanza lilimpa taabu kidogo, kwa sababu kiwanja cha mwisho cha watoto mjini kilikuwa kimejengwa jengo la ghorofa nne, makao makuu ya Idara ya Viwanja vya Watoto. Akaandika: "Kuwepo na mazingira wezeshi ya uchangamfu shirikishi." Hapo ikawa hakuna tena anayedaiwa kiwanja. Alipofika kwenye pendekezo la pili, kalamu ilisimama. Alilisoma neno lile mara nyingi kuliko urefu wake ulivyohitaji. Mwishowe akalikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni, "Si la kitaalamu," na siku nzima hakuweza kula.

Waziri, Mheshimiwa Shibanda, alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa afya kubwa kuliko wote katika serikali, na kiti chake kilikuwa kimeungwa na kingine.

"Shomvi," alisema, "hatuwezi kutangaza kwamba watoto wa nchi hii ni wanene."

"Hatuwezi, Mheshimiwa."

"Nikisema mnene, watu watamtazama nani?"

"Watatazama mbele, Mheshimiwa."

"Watanitazama mimi! Tafuta neno. Tena weka umri, ili watu wazima tusiingie."

Bwana Shomvi akatafuta neno, na likaja lenyewe, maana lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Aliandika kwamba mtu wa miaka kumi na minane na zaidi hanenepi, bali ana "uzito wa dhamana". Chini ya hapo, mtoto anaweza kuwa na "afya iliyozidi". Ukatoka Waraka wa Kupunguza Afya, ukasainiwa na kupelekwa mikoa yote, na mabango yakatundikwa barabarani: MZAZI, PUNGUZA AFYA YA MWANAO LEO.

Nchi ile ina sifa moja ambayo haiwezi kunyimwa, nayo ni utii. Mkoa mmoja ulifunga wodi mbili za watoto na kuripoti kwamba afya imeshapungua kwa asilimia arobaini, ukapewa kikombe. Zahanati moja iliacha chanjo. Mtoto mmoja aliyekuwa na kuhara kwa wiki tatu alipigwa picha na mkuu wa wilaya akapewa cheti cha mfano bora. Muuguzi mwenye mizani aliandika barua kueleza kwamba kuna kutoelewana, akajibiwa kwamba hakuna kutoelewana, kuna uelewa uliotawanyika. Jibu hilo lilitungwa na Bwana Shomvi, nalo halikumpa raha aliyozoea kuipata.

*

Ikaamriwa Siku ya Taifa ya Mazoezi ya Watoto, na kila shule itoe watoto kumi wenye afya iliyozidi. Orodha zilipofika wizarani Bwana Shomvi aliipekua ile ya shule ya binti yake huku mlango umefungwa. Jina la kwanza kabisa lilikuwa Sikujua Shomvi.

Alilifunika kwa kiganja. Kisha akamwandikia barua mwalimu wa darasa, Mwalimu Sefania, akiomba mtoto asamehewe "kwa sababu za kifamilia zisizo na uzito". Alipoisoma tena aliona neno la mwisho, akalibadilisha.

Mwalimu Sefania alikuwa mtu mnyenyekevu, mwoga wa wakaguzi. Shule yake haikuwa miongoni mwa zile hamsini zilizopimwa, na ilikuwa na watoto wanene watatu tu, na wawili kati yao walikuwa wamelazwa wodini, mpaka wodi zilipofungwa wakarudishwa kwao mashambani. Akabaki na mmoja wa kweli. Wengine tisa aliwatengeneza: aliwaita watoto wembamba, akawafunga kanga na mito tumboni. Kasichana kamoja kakondefu, Tabu, alikajazia soksi zilizosokotwa mpaka zikawa duara gumu ndani ya gauni.

"Mzee Shomvi, nisamehe sana," alisema kwenye simu, karibu alie. "Wakiwakagua wote nikakosa hata mmoja wa halali, mimi nimekwisha. Huyu wako ndiye anayenisitiri."

"Mwalimu, lakini..."

"Na mwenyewe anataka kuja, mzee. Nimemwambia kuna uwanja wenye nyasi. Ameniuliza kama wataruhusiwa kukimbia. Nimemwambia si ni siku ya mazoezi?"

Bwana Shomvi alikata simu polepole. Usimwonee huruma mapema. Jambo alilofanya baada ya hapo ni kumwomba Bwana Mkopi ampangie kiti cha mstari wa tatu jukwaani, nyuma ya mtu mpana.

*

Siku ilifika, jua kali. Uwanja ulikuwa umepambwa, nyasi zake zimemwagiliwa mwezi mzima, na kuzunguka nyasi hizo palikuwa na vibao vilivyoandikwa USIKANYAGE. Watoto mia nne waliketishwa kwenye saruji kando ya nyasi. Kila mmoja alivalishwa shingoni kibao cha kadibodi kinachotaja kiwango chake cha afya: kijani, njano, au nyekundu. Cha Sikujua kilikuwa chekundu, na aliyekiandika alikuwa ameongeza alama ya mshangao.

Mkufunzi wa taifa alianza somo la mazoezi. Aliketi kwenye kiti chenye mto, akasoma: "Kukimbia ni kitendo ambacho mguu mmoja hutangulia na mwingine hufuata. Andikeni. Kuruka ni kitendo ambacho yote miwili huondoka kwa pamoja. Msijaribu sasa, vitendo ni awamu ya pili." Watoto waliandika kwa saa mbili na nusu. Katikati waligawiwa soda na maandazi mawili mawili ili wapate nguvu za kuketi.

Bwana Shomvi alikuwa amejificha nyuma ya bega la mkuu wa mkoa, faili la hotuba limefunika uso. Alimwona binti yake kwa upenyo wa faili. Alikuwa haandiki. Alikuwa anatazama nyasi.

Kisha Mheshimiwa Shibanda akasimama kuhutubia, hotuba ya Shomvi mkononi, lakini kama ilivyo desturi ya wakubwa, akaiacha ukurasa wa pili akaanza ya kwake. "Nataka mfano!" alinguruma. "Nileteeni yule wa mbele, yule mwenye nyekundu. Njoo, binti, panda hapa."

Sikujua alipanda ngazi za jukwaa. Zilikuwa ngazi kumi na mbili. Alisimama mara mbili, na kila aliposimama vipaza sauti vilichukua pumzi zake vikazitandaza uwanja mzima, na watu wakacheka. Bwana Shomvi aliweza kumsikia kila aliyecheka, mmoja mmoja. Alizitambua sauti. Moja aliikosa, ile ya kwake mwenyewe, lakini alijua ilikobaki: kule uchochoroni.

"Mnamwona huyu?" alisema Mheshimiwa, akishika bega la mtoto kuonyesha unene wake. "Haya ndiyo matokeo ya wazazi wasiojali! Wazazi wanaotutia aibu mbele ya mataifa! Mzazi wa mtoto huyu yuko hapa? Kama yuko, asimame tumwone!"

 Bwana Shomvi hakusimama. Mtoto akageuka taratibu akatazama jukwaani, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Macho yakafika kwenye faili. Yakakaa hapo. Bwana Shomvi akaliinua faili juu kidogo.

Hilo alilifanya. Halina jina zuri.

"Nakuuliza, binti. Baba yako yuko wapi?"

"Hayupo, Mheshimiwa," alisema Sikujua.

"Amekwenda wapi siku muhimu hivi?"

"Yuko kazini."

*

Mtoto alirudishwa chini na hotuba ikaendelea. Bwana Shomvi hakuisikia. Aliketi na ile aibu kama mtu aliyekalia kitu chenye maji na sasa hawezi kusimama. Alikuwa amemficha mtoto kwa miezi minane ili watu wasimwone, na leo mtoto ndiye aliyemficha yeye, tena kwa neno lisilo la uongo. Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kutunga neno zuri kama lile.

Chini kwenye saruji, Tabu alikuwa amechoka kukaa na mzigo tumboni. Alijinyoosha, uzi ukakatika, na lile duara la soksi likaponyoka chini ya gauni na kubingirika mbele ya watu wote mpaka katikati ya nyasi. Jukwaa lote likaangua kicheko. Tabu, aliyesinyaa ghafla na gauni likimpwaya, akaufunika uso kwa viganja.

Sikujua akasimama. Akavua kibao chake, akakiweka chini, akavuka USIKANYAGE na kuingia nyasini kwa mwendo wake mzito. Akaliokota duara, akalipimapima mkononi. Lilikuwa mpira mzuri kabisa.

"Tabu!" aliita. "Rede! Nani yuko katikati?"

Tabu akaondoa viganja usoni. Halafu watoto mia nne walivua vibao. Mito ikadondoka, kanga zikafunguka, na nyasi za mwezi mzima zikakanyagwa.

"Nani kawaruhusu?" alifoka Mheshimiwa.

Bwana Mkopi alinyakua kipaza sauti. "Watoto, watoto! Mnaombwa kuacha mazoezi mara moja, ili tuendelee na Siku ya Mazoezi!"

Askari sita wa kulinda nyasi walitumwa. Wote walikuwa na uzito wa dhamana. Wawili walifika, wakaketi kupumua, na mmoja akapigwa na mpira akaambiwa amekufa, naye, kwa utii, akatoka.

Bwana Shomvi alishusha faili. Hakuwahi kumtazama binti yake akicheza. Alichozoea kutazama ni jinsi anavyoonekana kwa watu tu. Sasa aliona. Mpira ulikuja, Sikujua akainama, ukapita. Ukaja tena, akajipinda nusu tu, kiasi kilekile kinachotosha, bila haraka, na uso wake ulikuwa umefunguka. Alihema, akasimama na mikono magotini, wenzake wakamngoja bila kusema kitu, akarudi.

Bwana Mkopi akamwinamia sikioni. "Umekiona? Nilikwambia. Kile kikianguka..." Akaanza kucheka na kungoja mwenzake ampokee.

Mdomo wa Bwana Shomvi ulikuwa umeshaanza kujiandaa kwa kicheko, kwa mazoea ya miaka. Alikisikia kikipanda. Hapo ndipo alipojichukia vya kutosha. Akasimama, na kwa kuogopa kwamba kitakachotoka kitakuwa kicheko, akapiga kelele jambo la kwanza lililokuwa moyoni:

"Sikujua!"

Jukwaa likageuka.

"Hukujua nini?" aliuliza Bwana Mkopi.

"Sikujua!" aliita tena, akisukuma viti kupita.

Mheshimiwa Shibanda alimtazama Mkuu wa Kitengo cha Maneno, kisha nyasi zilizoharibika, kisha kamera za magazeti, na akaelewa kwa namna anavyoelewa waziri. "Ndiyo kauli yetu?" alinong'ona. Hakungoja jibu. Alikikamata kipaza sauti. "Ndugu wananchi, sikujua!"

Mkuu wa mkoa akaruka wima. "Sikujua, Mheshimiwa!" Mkufunzi wa taifa naye, "Sikujua!" Bwana Mkopi, asije akaachwa, "Mimi ndiye sikujua kabisa!" Kabla Bwana Shomvi hajafika ngazi ya mwisho, maofisa arobaini na wawili wa serikali walikuwa wamesimama juani wakiliita jina la mwanawe kwa sauti zao zote.

Mtoto aliusikia wito huo, akaganda katikati ya uwanja na kugeuka. Akamwona baba yake anakuja, viatu mkononi, soksi zimelowa, suti imemkaba. Alikuwa amezidi uzito yeye mwenyewe, na hapakuwa na faili la kuficha hilo. Watu wakamcheka. Akaendelea kuja.

"Mzazi wake ni mimi," alimwambia askari wa kwanza aliyemkuta, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimuuliza tena. Akamwambia na wa pili. Kisha akaenda kusimama katikati, kando ya binti yake, mikono ikining'inia, hajui pa kuiweka.

Mpira wa Tabu ulimpiga tumboni papo hapo.

"Umekufa, baba," alisema Sikujua. "Toka."

Akatoka, akakaa kwenye nyasi, akatazama mpaka wakamaliza.

*

Magazeti yaliandika kwamba serikali haikujua. Wizara ilipongezwa kwa uwazi. Nyasi ziling'olewa zikawekwa za plastiki, ambazo hazikanyagiki. Barua ya kumwachisha kazi Bwana Shomvi ilikuja wiki ileile, ikimtengea utulivu, na aliyatambua maneno yote yaliyomo kwa kuwa alikuwa ameyatunga mwenyewe.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile walirudi nyumbani kwa miguu, baba na mtoto, na ilikuwa mbali. Walikwenda kwa vituo. Kwenye kila kituo mmoja alimngoja mwenzake, na mara nyingi aliyengojwa alikuwa baba. Mpira wa soksi ulikuwa kwapani mwa Sikujua. Tabu alikuwa amemwachia.

"Kesho nitacheza?" aliuliza.

"Utacheza. Na keshokutwa. Kila siku."

"Na biskuti?"

"Biskuti nilikuwa nazileta kwa ajili yangu mimi."

Hilo hakulielewa, akaliacha. Walipofika kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba akasimama, ingawa hakuwa amechoka. Akawa anauminyaminya mpira.

"Baba, siku ile ulipita hapa na gari."

Bwana Shomvi akageuka kumtazama.

"Ulicheka. Mimi nilijiambia hukunitambua. Nilijiambia, labda kioo kilikuwa na vumbi." Akainua uso, uleule alioinua siku ile. "Ulijua kwamba ni mimi?"

Jibu lilikuwa tayari. Lilikuwa laini, fupi, limeshapigiwa kelele na serikali nzima, na lilikuwa jina la mtoto mwenyewe. Mtoto alikuwa amemshikia mlango wazi apite, kwa mara ya pili siku hiyo. Bwana Shomvi alifungua kinywa, akakiona kile kioo kilivyokuwa chini, na machozi yakatoka kabla ya neno.

"Nilijua," alisema.